Umeme au makanika? Jibu kwa msomaji wa Busia anayetaka kuwa fundi wa mitambo ya viwandani

Msomaji wetu wa Busia, Uganda, ameandika hivi: “Mwalimu, nina miaka 19, nilimaliza Senior Four (kidato cha nne) mwaka jana. Fizikia na hesabu nilifaulu vizuri, masomo mengine ni ya kawaida. Ninataka kuwa fundi wa kutengeneza mitambo ya viwandani. Baba anaweza kulipa karo ya miaka 2 tu. Mjomba wangu ana karakana ya kuchomelea na kutengeneza mashine za kusaga mahindi, naye anasema chuo ni kupoteza pesa, nikae kwake nijifunze kazi. Je, nisomee umeme au makanika? Nianzie chuoni au kwa mjomba? Na msichana anaweza kweli kuajiriwa katika kazi hii?”

Binti yangu, maswali yako yote matatu yana majibu, lakini kuna swali la nne ambalo hukuliuliza na ambalo majibu ya mengine yanalitegemea: kiwanda humlipa fundi wa matengenezo kwa kazi gani hasa? Wengi hudhani analipwa kwa kutoa kipuri kibovu na kuweka kizima. Kazi hiyo ipo, lakini kinachomfanya atafutwe usiku wa manane, na kinachompandisha mshahara, ni uwezo wa kueleza kwa nini kile kipuri kimekufa, na kuhakikisha kwamba kipya hakitakufa kwa sababu ileile.

Chukua mota ya fezi tatu, yaani inayolishwa umeme kwa nyaya tatu, ya kilowati 11 inayozungusha pampu. Ikibeba mzigo wake kamili kwenye volti 415, hutumia takriban ampia 20 katika kila waya. Siku moja inaanza kuzimika yenyewe, na ukitazama unakuta rilei inayoilinda dhidi ya mzigo mkubwa imekata. Fundi wa kwanza anabonyeza kitufe cha kuirudisha, mota inawaka, naye anaondoka. Haupiti muda mrefu inazimika tena. Wa pili anasema mota imechoka, anaomba nyingine ifungwe, na ile mpya nayo inazimika vilevile. Wa tatu anachukua mita ya klampu, ile inayobana waya na kupima mkondo bila kuukata, na kusimama pale mota ikiwa kazini, akipima waya mmoja baada ya mwingine bila haraka. Mwanzoni nyaya zote tatu ziko sawa. Kisha mmoja unashuka hadi sifuri ghafla, na zile mbili zinapanda kupita ampia 30. Hapo amekwisha jua kwamba fezi moja inakatika, na kwamba mbili zilizobaki zinalazimishwa kubeba kazi ya tatu. Anazima, anahakikisha hakuna umeme, anarudi nyuma kutoka kwenye sanduku la mota hadi kwenye kontakta, swichi inayoiwasha na kuizima mota kwa sumaku ya umeme, na kwenye fyuzi, mpaka anakuta ncha moja ya kontakta imeungua kiasi kwamba inagusa na kuachia. Hata hapo hajamaliza. Anauliza ncha hiyo imeunguzwa na nini: je, skrubu ililegea, kontakta ni ndogo kuliko mota, au pampu inawashwa na kuzimwa mara nyingi mno kwa saa? Kontakta ni ya bei ndogo sana ukiilinganisha na mota ambayo fundi wa pili aliibadilisha bure.

Wote watatu wanajua kushika spana. Mafunzo unayoyatafuta ni yale yatakayokufanya uwe wa tatu, na kwa kipimo hicho ndipo tuutazame ushauri wa mjomba wako.

Mjomba wako si mtu wa kupuuzwa. Karakana yake itakupa vitu ambavyo vyuo vingi havina muda wa kuvitoa: kuchomelea mpaka mkono utulie, kukata chuma kwa kipimo, kufungua shafti (mhimili unaozunguka) iliyoshikana kwa kutu bila kuivunja, kupanga puli mbili ziwe kwenye mstari mmoja ili mkanda usiliwe upande, na kusikia kwa sikio kwamba mashine ina shida kabla haijasimama. Kijana anayefika chuoni akiwa na mikono ya namna hiyo huonekana wiki ya kwanza. Lakini kinu cha kusaga mahindi kina mota moja, mkanda mmoja na swichi moja, na mtu anaweza kukitengeneza maisha yake yote bila kuona mchoro wa umeme wa kuendesha mitambo, bila kutumia mega kupima kama kihami cha mota bado kizima, na bila kukutana na sensa, kile kifaa kinachohisi joto, kasi au ujazo na kuupelekea mtambo taarifa. Vitu hivyo havipatikani kwa kukaa tu karibu na fundi mzuri. Jambo la pili ni karatasi. Ofisi ya ajira ya kiwanda haiwezi kuona mikono yako. Inaona cheti kwanza, na asiye nacho mara nyingi huishia kuajiriwa kama kibarua wa siku hata kama anajua kazi kuliko anayemsimamia.

Kwa hiyo nenda chuoni, na kila likizo urudi kwa mjomba. Mweleze hivyo kwa heshima, mkiwa pamoja na baba, ili asidhani umeidharau karakana yake. Mwambie unahitaji alichonacho, ila unahitaji na cha ziada. Miaka 2 ambayo baba anaweza kuilipia inatosha kwa cheti cha taifa cha ufundi, ambacho aliyemaliza Senior Four hukisoma kwa miaka 2. Cheti hicho hakifungi njia ya mbele, kwa kuwa mwenye nacho anaweza baadaye kuomba diploma ya taifa katika fani ileile, miaka 2 mingine, na wengi huisoma wakiwa wamekwisha fanya kazi na kuweka akiba ya kujilipia wenyewe. Mimi naona njia hiyo ni bora kuliko kukimbilia diploma moja kwa moja, kwa sababu mwanafunzi wa diploma aliyewahi kufanya kazi kiwandani anajua ni somo gani la kulikazia macho.

Ikitokea pesa ikakwama na ukalazimika kubaki Busia, bado hujapotea. Uganda ina utaratibu wa kumpima mtu kwa ujuzi alioupata kazini, hata kama hakupitia darasa, na kumpa cheti kinachotambulika. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na Idara ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, pale Lugogo. Chini ya sheria mpya ya elimu ya ufundi ya mwaka 2025, upimaji na utoaji wa vyeti vya ufundi uko mikononi mwa bodi inayoitwa UVTAB. Uliza huko, si kwa madalali wanaouza vyeti mitaani. Cheti cha kununua hufichuka siku ya kwanza utakapopewa mita na kuambiwa upime.

Sasa umeme au makanika. Kwa hali yako nakushauri umeme, na sababu zangu ni tatu. Kwanza, makanika tayari unayo nyumbani, kwa mjomba, nayo ni fani ambayo mtu anaweza kuijifunza sehemu kubwa kwa kuitenda. Umeme haufundishiki hivyo. Unaua kabla hujajifunza kutokana na kosa, kwa hiyo ni lazima uufahamu kwa akili kabla ya kuugusa kwa mkono, na hapo ndipo fizikia na hesabu zako zitakapofanya kazi. Pili, mitambo inayoingia nchini siku hizi, iwe ya kufungasha soda au ya kufyatua chuma, inaendeshwa na vidhibiti vya PLC (kompyuta ndogo za kuongoza mitambo), sensa na mashine za kubadilisha kasi ya mota, na anayeweza kuvifuata hivyo ni haba kuliko anayeweza kubadilisha gia. Tatu, cheti cha umeme kina matumizi hata nje ya kiwanda: Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, hutoa vibali vya kufunga umeme kwa madaraja, na mwenye kibali ana kazi ya halali ya majengo hata pale ambapo viwanda havijaajiri.

Hata hivyo, usije ukawa fundi umeme ambaye akiona grisi anarudi nyuma. Viwandani nimewaona wengi wa aina hiyo, na huwa ni mizigo kwa wenzao. Mota ni kifaa cha umeme, lakini kinachoiua mara nyingi kabisa ni beringi, zile pete mbili zenye gololi katikati zinazoiwezesha shafti kuzunguka, na beringi ni makanika. Kwa hiyo jifunze beringi kana kwamba ni somo lako la kwanza. Anza na namba zilizochongwa pembeni yake. Ukiona 6308, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 zinakupa kipenyo cha tundu lake: 8 mara 5 ni milimita 40, ndio unene wa shafti inayoingia humo. Jifunze kuifunga. Beringi inayobana kwenye shafti husukumwa kwa pete yake ya ndani. Ukigonga pete ya nje kwa nyundo, nguvu yote inapita kwenye gololi, na kila gololi inaacha kidimbwi kidogo kwenye njia yake. Mota itawaka vizuri siku hiyo, na kelele zitaanza baadaye, wakati aliyeifunga amekwisha sahau. Ni afadhali kuipasha moto ipanuke, bila kupita nyuzi 120, kisha uitelezeshe mahali pake. Grisi nayo ina kiasi: ikijazwa mpaka pomoni hujikoroga yenyewe, hupata joto na kuyeyuka, na beringi hufa kwa kulishwa kupita kiasi.

Na muhimu kuliko yote, usiitupe beringi iliyokufa kabla ya kuipasua na kuitazama. Njia ya gololi ikiwa imechakaa sawasawa katikati, beringi imezeeka kwa haki. Njia ikiwa imepinda, imeliwa upande mmoja juu na upande wa pili chini, basi shafti ya mota na ya pampu hazikunyooshwa kwa pamoja, na beringi mpya haitadumu mpaka zinyooshwe. Ukiona mistari midogo iliyopangana kama ubao wa kufulia, chunguza kama umeme unapita kwenye shafti, jambo linalotokea kwenye mota zinazolishwa na mashine za kubadilisha kasi. Beringi mbovu inakupa taarifa nzima ya kilichotokea, na fundi anayejua kuisoma taarifa hiyo hubadilisha chache kuliko wenzake.

Kuhusu chuo gani, nitakuwa mwangalifu, maana chuo kilekile kinaweza kuwa na idara moja nzuri na nyingine dhaifu, na hali hubadilika walimu wakihama. Ngazi ya cheti unaweza kuiulizia Nakawa jijini Kampala, chuo ambacho Japani imekisaidia kwa miaka mingi, au katika chuo cha mafunzo ya ufundi cha Jinja, ambacho kwako kina faida ya kuwa katikati ya viwanda. Baadaye, kwa diploma, chuo cha ufundi cha serikali kilicho karibu nawe ni Uganda Technical College Elgon, huko Mbale. Lakini kabla baba hajatoa shilingi yake, nendeni mkakitembelee chuo siku ya masomo, si siku ya wageni, na muombe kuona karakana badala ya ofisi. Tazameni kama meza zina makovu na sakafu ina vumbi la chuma, au kama mashine zimefunikwa na funguo zinatafutwa. Ulizeni wanafunzi wangapi hugawana mota moja wakati wa mazoezi. Ulizeni kama kila mwanafunzi hufunga kwa mkono wake mwenyewe stata ya sta-delta, mfumo wa kuwasha mota kwa hatua mbili, mpaka ikawaka, na kama anaweza kueleza kwa nini inatumika: kwamba mota ikianzia kwenye sta huvuta theluthi moja tu ya mkondo ambao ingeuvuta ikianzia kwenye delta. Mwanafunzi wa mwaka wa pili asiyeweza kukueleza hilo atakuwa amekujibu kuhusu chuo chake kuliko karatasi yoyote ya matangazo.

Ulizeni pia chuo huwapeleka wapi wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo viwandani. Jibu la “kila mtu hujitafutia” ni la kawaida, na si sababu ya kukikataa chuo, ila ujue kwamba kazi hiyo itakuwa yako na uianze mapema. Uko mahali pazuri. Tororo, jirani yenu, kuna saruji. Jinja ilipata viwanda vyake kwa sababu ya umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, lile tunaloliita Nalubaale leo, na mpaka sasa pale na Njeru kuna chuma, nguo na bia, na Kakira kuna sukari. Kiwanda cha sukari ni shule kubwa kuliko vyote nilivyotaja, kwa maana kina boila la kuchemshia maji yawe mvuke, tabo (mitambo inayozungushwa na mvuke huo) zinazozalisha umeme wake wenyewe, rola nzito za kukamua miwa, pampu za kila aina na konveya zisizo na idadi. Ukiweza, omba nafasi yako iangukie kipindi ambacho kiwanda kinasimamishwa kwa matengenezo makubwa. Wakati wa uzalishaji mwanafunzi huambiwa asimame mbali. Wakati wa matengenezo kila kitu kimefunguliwa, mikono inahitajika, na unaweza kuona kwa siku moja sehemu za ndani ambazo mafundi wengine huziona kwenye picha tu.

Ukiwa huko, andika. Kila jioni weka kwenye daftari mashine ipi ilisimama, ilionyesha dalili gani, vipimo vilisema nini, chanzo kilikuwa nini na kilithibitishwaje. Usiandike “nilisaidia kutengeneza pampu”, maana sentensi hiyo haimwambii kitu msimamizi wala mwajiri. Daftari lenye ampia, volti, joto na mchoro mdogo wa mkono ni ushahidi wa akili inayofuata mambo, na nimewahi kuona usaili wa kazi ukigeuka kuwa mazungumzo juu ya kurasa zake.

Kuhusu PLC na sensa, usizikimbilie katika mwaka wa kwanza. Vijana wengi hutaka kuanza na kompyuta kwa kuwa inaonekana ya kisasa, kisha wanashindwa kujua kama tatizo liko kwenye programu au kwenye waya uliolegea, na mara nyingi huwa ni waya. Ukishaumudu umeme wa kontakta na rilei, PLC itakuja bila vita, kwa sababu mantiki ni ileile. Jambo moja dogo la kuanzia: sensa nyingi za viwandani hutuma kipimo chake kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20. Tangi likiwa tupu sensa hutuma 4, likijaa hutuma 20. Hawakuanzia sifuri kwa makusudi, ili waya ukikatika, mkondo ukawa sifuri kweli, mtambo ujue kwamba hii ni hitilafu na si tangi tupu. Anayelielewa hilo kwa undani yuko tayari kusomea mitambo inayojiendesha.

Nimefika kwenye swali lako la mwisho, nami nalichukua kwa uzito. Ndiyo, wasichana wanaajiriwa, na nimefanya kazi na mafundi wanawake ambao ningewakabidhi mtambo wowote. Hoja utakayoisikia zaidi ni ya nguvu za mwili. Mota ya kilowati 11 ya chuma ina uzito unaoweza kukaribia au kupita kilo 100. Hakuna mwanamume anayepaswa kuinyanyua kwa mgongo, na anayefanya hivyo anajiharibia uti wake, si kwamba anaonyesha ufundi. Inanyanyuliwa kwa mnyororo na puli, na mnyororo hauulizi anayeuvuta ni nani. Hata hivyo sitakuficha: kuna wasimamizi watakaokupa ufagio na kazi ya kuandika vifaa stoo huku wenzako wa kiume wakipelekwa kwenye mashine. Usinyamaze na usigombane. Omba kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu, upewe kazi fulani iliyotajwa kwa jina, na ikikamilika iandike daftarini. Kabla ya kukubali nafasi yoyote uliza pia kuhusu zamu za usiku, usafiri wa kurudi nyumbani na choo cha wanawake karibu na karakana. Hayo si madai ya anasa, na kiwanda kinachokasirishwa na maswali hayo kimekupa jibu.

Usalama sitauzungumzia kwa urefu, kwa sababu kanuni zake ni chache na hazina ubaguzi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akulinde, lakini sheria haiko pale mkono wako unapoingia kwenye paneli. Kabla ya kugusa, zima swichi kuu, weka kufuli lako mwenyewe ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwako, kisha pima kuhakikisha umeme haupo: kwanza jaribu mita mahali unapojua kuna umeme, halafu pima unapotaka kufanya kazi, halafu rudi ujaribu tena pale pa kwanza, ili uwe na hakika kwamba mita haikufa katikati. Mtu yeyote, hata awe meneja, akikuambia ufanye kazi bila kufuli kwa sababu uzalishaji umechelewa, kataa. Nywele zifungwe ndani ya kofia, pete na bangili zibaki nyumbani.

Mwisho, kwa kuwa utaanza na pesa kidogo, usinunue sanduku kubwa la spana za bei rahisi. Za mjomba zitakutosha kwanza. Weka akiba ununue mita moja nzuri, ambayo ubavuni imeandikwa CAT III (daraja la usalama wa mita) na volti 600 au zaidi, kwa sababu mita ndogo zinazouzwa barabarani hazikutengenezwa kwa ajili ya paneli za fezi tatu na zinaweza kulipuka mkononi. Waya zake za kupimia zikichubuka, nunua nyingine, usizifunge kwa tepu. Na mita hiyo usimwazime mtu.